Manati, Mkono na Ndege ya Karatasi

Katika vyombo vyote vya mchezo ambavyo mtoto wa mjini hujitengenezea kwa mikono yake mwenyewe, hapana kinachovaliwa kama manati. Gari la waya husukumwa, pia huzungushwa chini, tiara hushikwa kwa uzi; bali manati huning'inizwa shingoni mfano wa kidani, panda yake ikalala kifuani na mipira yake miwili ikapita nyuma ya kisogo. Aliyeivaa hupita nayo sokoni na dukani, na kama mwalimu ni mtu wa kusinzia, huingia nayo hata darasani. Kuvaliwa huku si jambo la kupuuzwa. Kitu kishikwacho huwekwa chini kikasahauliwa. Kitu kivaliwacho huwa sehemu ya sifa za mtu. Ndiyo maana mtu mzima amwonapo mtoto mwenye manati shingoni hasemi kuwa mtoto yule ana manati. Husema yule ni mtundu. Hukumu imekwisha kutolewa, na jiwe bado li mfukoni.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya wanavyuoni waliozoea kupima tenzi na tarehe. Walakini ndani yake mna jicho la mtoto, na jicho si jambo dogo. Tena mna elimu ya mikono, ambayo ikipotea katika kizazi kimoja hairejei kwa amri. Mambo haya mawili yaligongana katika mitaa iliyo kando ya Mnazi Mmoja, mjini Dar es Salaam, na jinsi yalivyogongana yastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Kwanza yafaa kutenga majina. Kombeo, ambalo wengine huliita teo, ni chombo cha zamani sana: ni kamba mbili zenye kitako katikati, jiwe hutiwa kitakoni, kamba zikazungushwa, ncha moja ikaachiliwa. Biblia ya Kiswahili yatumia neno kombeo kwa chombo alichokwenda nacho Daudi kumkabili Goliathi, na walinzi wa mashamba wamelitumia dahari ya miaka kufukuzia ndege waharibifu wa nafaka. Nguvu ya kombeo yote hutoka katika mkono wa mwenye kulizungusha. Manati ni kitu kingine, ijapokuwa kazi zao zafanana. Manati hukopa nguvu kwa mpira: mkono huweka akiba polepole kwa kuvuta, na mpira huilipa akiba hiyo yote kwa mara moja.

Kwa hiyo manati haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko mpira wenyewe, na mpira ufaao kwa kazi hii ni kitu cha karne ya 19. Kabla ya hapo utomvu wa mpira ulikuwa ukinata kama ulimbo kwa joto na kukakamaa kwa baridi, mpaka Mmarekani Charles Goodyear alipopata njia ya kuupika pamoja na kiberiti cha unga, akapewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1844. Mwaka 1888 ikaja hati ya John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekuwa akiishi Belfast, kwa tairi la kujazwa hewa ambalo alilibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tazama basi safari yake: tyubu ilianza kwa kumfurahisha mtoto mmoja, ikazunguka dunia nzima ikibeba watu wazima na mizigo yao, na ilipochakaa katika barabara za Kariakoo ikarudi tena mikononi mwa mtoto.

Kutengeneza manati nzuri ni kazi yenye masharti. Panda hutafutwa kwenye mpera kwa sababu mti huo ni mgumu, haupasuki upesi, na matawi yake hupenda kugawanyika kwa usawa. Lakini mipera ya mjini ni michache na kila mmoja una mwenyewe, kwa hiyo mtoto sharti aombe, na kuomba nako ni sehemu ya kazi. Panda ikishapatikana humenywa gome, ikaachwa kivulini ikauke taratibu, maana ile ikaukayo juani hupata nyufa. Tyubu hukatwa vipande viwili vyembamba vya upana wa kidole, na hapa ndipo mvivu anapojulikana. Kipande kimoja kikizidi kingine kwa unene wa kucha, jiwe halitakwenda linakotumwa siku zote. Kiti cha jiwe hupatikana katika ulimi wa kiatu kikuukuu, na vifungo vyote hutiwa kwa nyuzi za tyubu ile ile, zikavutwa kwa meno mpaka zikaume.

Mtoto aliyepita katika masharti haya amekwisha kusoma mambo ambayo mwalimu wa fizikia atayataja miaka mingi baadaye. Amejua kwamba akivuta mpira shibiri moja apata akiba ya kadiri fulani, na akivuta shibiri mbili akiba si mara mbili ya ile, bali yakaribia mara nne. Hawezi kuiandika hesabu yake, lakini bega lake laijua. Amejua pia kwamba jiwe zito huenda taratibu na jepesi huenda upesi, na kwamba la mviringo hutii na lenye pembe huasi. Anayesema mtoto huyu hajui kitu apimwe yeye mwenyewe kwa maswali hayo.

Sasa lije la upande wa pili. Jiwe likishatoka halirudi, wala halichagui. Watoto wa Kariakoo huwalenga kunguru, na aghalabu wakubwa hucheka, maana kunguru wa mji huu, wale wenye shingo ya kijivu ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, hawana rafiki. Huiba mkate, huiba sabuni, hula vifaranga na mayai ya ndege wengine. Lakini kunguru ni mwerevu kuliko aliyemlenga. Huruka kabla ya mpira kuachiliwa, na jiwe lililomkosa huendelea na safari yake juu ya mabati, kupitia dirishani, mpaka kwenye kichwa cha mtu asiyehusika. Kuna sura katika Kurani, nayo huhifadhiwa na watoto wadogo kabisa wa chuoni, isimuliayo ndege waliotumwa kulitupia mawe jeshi lenye tembo. Huku mitaani mambo yamepinduka: ndege ndio watupiwao, na jeshi ni la watoto wa darasa la tatu.

Katika Uislamu jambo hili halikuachwa bila neno. Imepokewa kwa Abdallah bin Mughaffal, katika mapokeo ya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alikataza kufyatua vijiwe kwa vidole, na sababu iliyotajwa ni ya kiutu kabisa: tendo hilo haliui windo wala halimdhuru adui, bali hutoboa jicho na kuvunja jino. Sababu hii ni nzito kuliko ionekanavyo. Haikusema kwamba kutupa ni dhambi, wala kwamba mchezo ni mbaya. Ilipima faida na hasara, ikaona kwamba kijiwe cha mchezo hakina kazi kitendacho kwa yakini ila kumuumiza asiyelengwa. Mzee wa mtaa anyang'anyapo manati na kuikata kwa kisu, kama akijua au hakujua, yuko katika hukumu hiyo.

Katika uchochoro mmoja upande wa Gerezani alikuwako fundi wa baiskeli, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kazi yake ilikuwa imebadilika pamoja na mji. Baiskeli zilipopungua akaanza kuziba pancha za bodaboda, na tyubu za pikipiki, ambazo ni nene kuliko za baiskeli, zikawa zinalundikana mlangoni pake. Watoto walimjia kila alasiri kumwomba vipande. Hakuwatoza kitu. Aliona fahari kuwakatia kwa mkasi wake, vipande viwili viwili, vikiwa sawa kama mapacha, na aliyemletea panda mbaya alimrudisha akatafute nyingine. Kwa muda wa mwaka mzima mtaa ule ulijaa manati zilizotengenezwa vizuri kuliko za mitaa mingine, na kwa kuwa mpira ulikuwa mnene, zilikuwa na nguvu kupita kiasi. Fundi alifurahia ufundi wake, na jambo hilo lamwelekea kila fundi.

Siku moja jiwe lilimpata mtoto wa miaka sita juu ya nyusi. Lilipasua ngozi hadi kwenye mfupa; alishonwa nyuzi tatu, na mganga akasema kwamba lingeshuka upana wa kidole kimoja jicho lingekwenda. Mama wa mtoto alikuja kwa fundi magharibi, akiwa bado na damu kwenye upindo wa khanga yake. Hasira haikumsahaulisha adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikuja kukutukana, mzee wangu. Nimekuja kukuuliza. Aliyelirusha ni mtoto, hana akili. Panda ameiokota. Jiwe ni la barabarani. Mpira je? Mpira ule ameupata wapi?"

Fundi hakujitetea. Alisema, "Kwangu," akanyamaza.

Yawezekana kabisa kumtetea. Auzaye kisu si yeye aliyechinja, na mpira ni takataka tu mpaka mtoto aupe kazi. Hoja za namna hii huvuma vizuri katika mijadala ya wanafunzi, nazo zina mantiki. Ila hazimfai mtu aliyeona damu kwenye khanga. Fundi alijua kilichokuwa kikitengenezwa, alijua nguvu zake kwa kuwa ndiye aliyezipima, na alijua umri wa waliozichukua. Kesho yake alikusanya manati zote alizoweza, akazitundika msumarini ndani ya duka, na kwa wiki kadhaa hakumkatia mtoto yeyote kipande. Watoto nao wakaacha kuja. Wengine walikwenda kwa mafundi wengine, ambao walikata mpira ovyo bila ya kuuliza ni wa nini. Kwa hiyo mawe hayakupungua mtaani, ila yalizidi kwenda upogo.

Hapo ndipo lilipomjia jambo ambalo ndilo kiini cha maelezo haya. Alichukua kandambili iliyokatika, akapunguza soli yake ikalingana na kigasha cha mkono wa mtoto, kuanzia karibu na kifundo hadi kati ya mkono. Akaitia mishipi miwili ya tyubu ili ivaliwe na kubana. Juu yake, upande wa kifundo, akasimamisha spoku mbili zilizopindwa, ncha zake akazivika mpira zisichome mtu, na baina yao akafunga utepe mmoja wa mpira wa baiskeli, mwembamba kuliko utambi wa taa. Panda ikawa imehama kutoka mtini ikakaa juu ya mkono wenyewe. Mtoto huvaa chombo mkono wa kushoto, hunyosha mkono mbele yake, na kwa mkono wa kulia huvuta. Kinachovutwa si jiwe. Ni ndege ya karatasi, iliyotiwa puani kipande kifupi cha chelewa chenye kikwaju cha kushikia mpira.

Haitadaiwa hapa kwamba fundi huyo ndiye wa kwanza duniani. Huko Marekani katika miaka ya 1950 zilianza kuuzwa manati zenye gango la kukaza kifundo cha mkono. Lakini nia zao zatofautiana kama mashariki na magharibi. Gango lile liliwekwa ili mtu aweze kuvuta mpira mkali zaidi pasipo kifundo kulegea, na jiwe lizidi kuua. Fundi wa Gerezani alikiweka chombo mkononi ili mpira uweze kupunguzwa, na ili mtoto apate kile alichokipenda katika manati, yaani kuvaa chombo chake na kutembea nacho mtaani akionwa.

Watoto walikidharau. Ndege ya kwanza ilipaa wima, ikageuka kichwa chini, ikaanguka hatua nne mbele ya mrushaji. Ya pili ilimrudia usoni. Mmoja akasema karatasi haina uzito, ndiyo maana haiendi. Fundi akaingia ndani akatoka na gololi ya kioo na mizani ndogo aliyoiazima kwa jirani muuza viungo. Akaweka gololi upande mmoja, na upande wa pili karatasi moja nzima ya daftari kubwa, ile ya ofisini. Mizani ikasimama karibu sawasawa. Karatasi ya kawaida ya kipimo cha A4 ina gramu 5, na gololi ndogo ya kioo ina gramu 5 na ushei.

Mtu aweza kuisoma mizani hiyo kwa muda mrefu. Uzito ni mmoja. Mpira ukiwa mmoja na mvuto mmoja, akiba inayotiwa katika vitu hivi viwili ni moja pia. Lakini gololi huukabili upepo kwa uso wa sentimeta mbili za mraba, na ikifika kwenye paji la uso la mtu huikabidhi akiba yake yote mahali padogo kuliko ukucha. Karatasi iliyokunjwa kuwa mbawa hutandaza uzito wake juu ya hewa. Tangu inapoachiliwa huanza kulipa deni lake kidogo kidogo, hata itakapofika kwa mtu imebaki na salio la kumgusa tu. Nguvu haikuondolewa. Imepewa njia ndefu ya kutoka.

Kadhalika jiwe ni mwalimu mpole mno. Husamehe. Ukilirusha vibaya litakwenda vivyo hivyo, na kosa lako utaliona kwa mwenzako. Mbawa haisamehi hata unyoya: upande mmoja ukipinda zaidi ya mwingine ndege huzunguka, pua ikiwa nyepesi hupaa na kuzimia, pua ikiwa nzito huchoma ardhi. Baada ya siku tatu watoto wale waliokidharau chombo walikuwa wakibishana juu ya mahali pa kuweka chelewa, wakipinda ncha za nyuma za mbawa kwa kucha, na kuvuta mpira kwa vipimo walivyochora kwa wino kwenye soli ya kandambili. Walijaribu na mengine: unyoya wa kunguru uliotiwa kizibo, ganda la kungu lililokauka, kipande cha sponji. Fundi aliweka sharti moja tu, nalo lilikuwa kali. Chochote kitakachorushwa, mwenye kukirusha asimame kwanza hatua tatu, afumbe macho, arushiwe yeye shavuni. Kikimwuma, kisirushwe. Tunda bichi la mwarobaini, ambalo kila mtoto wa Dar es Salaam alijua ubaya wake, lilikataliwa siku hiyo hiyo bila ya mjadala, na aliyelileta alikuwa wa kwanza kulikataa.

Karatasi nayo ina ncha, na ncha yaweza kuingia jichoni. Hilo halikufichwa; pua zote zilikunjwa mara tatu ziwe butu. Mwenye kutaka mchezo usio na hatari hata kidogo na awaweke watoto ndani ya kabati.

Ikabaki shida ya mahali. Kariakoo ya leo si ile ya nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na ua nyuma. Maghorofa yameinuka ukuta kwa ukuta, nyaya za umeme zimesukwa kama utando, na njia zimejaa wachukuzi, mikokoteni na bidhaa zilizotandikwa chini. Ndege ya karatasi irushwayo Mtaa wa Kongo haitagusa ardhi. Itaangukia beseni la mtu. Hivyo watoto walivuka Mtaa wa Lumumba wakaingia Mnazi Mmoja.

Uwanja huo una kisa chake. Serikali ya Waingereza katika miaka ya 1920 iliuacha wazi kwa makusudi uwe mpaka, upande mmoja mitaa ya biashara na makazi ya Wahindi, upande wa pili Kariakoo, mji wa Waafrika, ambao jina lake lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ilisemwa kuwa ni kwa ajili ya afya. Palikuwa ni mahali pa kutenga. Lakini ardhi iliyo wazi haikai na nia ya aliyeiacha wazi. Hatua chache kutoka hapo, katika jengo la mtaa ambao zamani uliitwa New Street na sasa waitwa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Watu wakautumia uwanja kwa mikutano, kwa Maulidi, kwa sherehe, na mnara wa mwenge wa uhuru ukasimamishwa papo hapo. Soko kubwa la Kariakoo, ambalo Beda Amuli alilibuni na kujengwa katika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021. Maduka yamebomolewa na kujengwa mara nyingi. Mnazi Mmoja umebaki. Sehemu yake ina bustani na ua, na mlinzi ana haki ya kufukuza, lakini ni karibu mahali pa pekee katika sehemu ile ya mji ambapo mtoto aweza kukiachia kitu angani na kukifuata kwa macho mpaka kikatua.

Huko walijifunza upepo. Alasiri upepo hutoka baharini, na ndege ikirushwa kwa kuufuata huanguka upesi kwa kukosa hewa ya kuishika. Wakajua kusimama migongo yao ikielekea Lumumba, nyuso zao upande wa Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kurusha kuukabili upepo. Mmoja wao aliuliza kwa nini ndege kubwa ziendazo kutua Kipawa hazibadili njia zao siku zote bali siku nyingine tu. Swali hilo limetoka katika kandambili na spoku. Lisingalitoka katika manati.

Wako wasomi watakaoona kwamba karatasi na mpira ni upuuzi usiofika kokote. Na wasikilize habari ya Alphonse Pénaud. Kijana huyu Mfaransa alizuiliwa na maradhi ya nyonga asiingie jeshi la wanamaji. Tarehe 18 Agosti 1871, akiwa na umri wa miaka 21, alirusha katika bustani ya Tuileries mjini Paris kijindege kilichoendeshwa na mpira uliosokotwa. Kilikaa angani sekunde 11, kikaenda meta 40 hivi. Pénaud alichora ndege ya kubeba watu, akaiombea msaada, hakuupata. Mwaka 1880 alijiua, hajafika miaka 31. Lakini kabla ya kifo chake, mwaka 1878, mchungaji mmoja wa Marekani alikuwa amewanunulia wanawe kichezeo cha namna ile ya Pénaud, cha kizibo, mwanzi, karatasi na mpira. Kilivunjika, na watoto wakatengeneza vingine wenyewe. Watoto hao ni Wilbur na Orville Wright. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ya kwanza yenye injini ilikaa angani sekunde 12, ikaenda meta 37. Kwa sekunde moja tu iliishinda ile ya mpira ya bustanini, na kwa meta haikuishinda. Hata mwaka uliofuata, upepo ulipokuwa haba, ndugu hao walijenga mnara, wakaangusha mzigo mzito uliofungwa kamba, nayo kamba ikaivuta ndege mbele mpaka ikainuka. Nayo ni manati, iitwe jina lolote.

Katika maduka ya Kariakoo yapo sasa vichezeo vya plastiki vilivyotoka China, na miongoni mwao bastola zifyatuazo vijindege vya sponji, vingine vya kuvaa mkononi. Havistahili kutukanwa. Ni salama kuliko jiwe, bei yake si ya kutisha, na mzazi aliyechoka hana muda wa kukata kandambili. Lakini kimoja kilipoletwa kwa fundi, chemchemi yake ikiwa imekatika, aligeuza kila upande, asione parafujo wala mahali pa kupenyeza kisu. Kimegandishwa. Mtoto aliyekuwa nacho alijua kubonyeza tu, na kilipokataa kubonyezwa alikuwa hana analojua. Hapa hukumu yaweza kutolewa bila ya woga: kichezeo kisichofunguka humfanya mtoto mnunuzi kabla hajawa fundi, na ununuzi hauhitaji kufundishwa mapema kiasi hicho.

Mama wa yule mtoto wa nyusi alipoambiwa habari ya chombo kipya hakuamini. Alikuja mwenyewe, akavua kiatu kimoja akasimama hatua tatu, akafumba macho, akataka arushiwe shavuni kama walivyorushiwa watoto. Alirushiwa. Akajifuta shavu kwa khanga, akasema, "Haya." Mwanawe, ambaye kovu lake lilikuwa limekwisha kufunga, alipewa ruhusa ya kwenda Mnazi Mmoja pamoja na wenzake, isipokuwa siku za Ijumaa kabla ya sala na siku zote baada ya magharibi.

Neno moja halikupata jibu. Wavulana wakubwa, wa miaka kumi na miwili na zaidi, walisema ndege ya karatasi haina windo. Nao wasema kweli. Kulenga kitu na kukipata ni furaha ambayo kuruka peke yake hakuitoshelezi, na babu zao waliokulia shamba walirudi nyumbani na tetere wa kitoweo. Fundi aliwatundikia pete ya waya kwenye tawi, ndege ipite ndani yake. Wengine waliridhika. Wawili hawakuridhika, wakamwendea tena wakati wa msimu wa maembe wakaomba warudishiwe manati zao. Aliwaruhusu wazitwae wenyewe msumarini. Mpira, kwa joto la bati la duka, ulikuwa umepasukapasuka, na ulipovutwa ukakatika mikononi mwao. Wakamtazama mkasi wake. Fundi alikuwa akiziba pancha, hakuinua kichwa.